Kisanduku cha Saa ya Kufika

Utabisha, na kubisha ni haki yako, ila usinyanyuke kabla sijamaliza. Pale Ihembe, mwaka tisini na saba, bibi harusi alifika kanisani amechelewa vibaya, jua liko utosini, wapishi wameshaonja ndizi mpaka wameshiba. Na kabla hajashuka vizuri kwenye gari, akawa amewahi. Tena si kuwahi kidogo. Amewahi kwa miaka kumi na saba, kwa karatasi, kwa mhuri na kwa sahihi ya mchungaji. Walioshuhudia wapo, na mpaka leo wakikutana kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanagombana.

Chanzo ni kaka yake bibi harusi mwenyewe, Anatory, mtoto wa Mzee Kashaija. Kijana alikuwa amekwenda Bukoba kusoma kompyuta miezi mitatu, akarudi na cheti. Mama yake, Kemilembe, akakitia kwenye fremu akakitundika sebuleni, juu kabisa, mahali ambapo mgeni lazima akione ndipo aonyeshwe kiti. Anatory naye akaanza kutembea na kalamu tatu mfukoni mwa shati, moja haina wino, na kuongea polepole kama mtu anayetafsiri.

Bahati ikamfuata. Wazungu wa misaada walipofunga moja ya kambi za wakimbizi, waliuachia usharika kompyuta moja, printa iliyolia kama mashine ya kusaga, na jenereta. Mchungaji Tibanyenda akavifungia ofisini, akavifunika vitambaa vya kufumwa, na kwa muda mrefu kazi yake ikawa kuwaonyesha wageni vile vitambaa. Halafu akamwajiri Anatory, akamwita Mtaalamu.

"Mtaalamu," Mchungaji akamwambia siku ya kwanza, "mimi nina ugonjwa mmoja tu hapa. Harusi. Tunapanga saa nne, watu wananijia saa nane, na ukiwauliza wanasema walifika saa nne ila walikuwa wamekaa kivulini. Nitengenezee fomu. Mtu akifika, saa yake iandikwe. Ikipita saa nne, hakuna harusi, arudi kwao na pombe yake."

"Hilo ni suala la kisanduku tu, Mchungaji," Anatory akasema. "Nitakuwekea kisanduku cha saa."

Kweli akakiweka. Fomu ikatoka nzuri, majina, mashahidi, na chini kisanduku cheupe: *Saa ya kufika*. Kwa kubana karatasi akaunganisha na cheti chenyewe cha ndoa, ukurasa mmoja umalize yote. Lakini kisanduku cha kwanza alikiacha wazi, uandike unachotaka. Aliyekaa kwenye mashine siku za harusi alikuwa Mama Evangelina, mzee wa kanisa, aliyejua kuandika kwa kidole kimoja na kuwaamini watu kwa moyo wote. Akauliza, watu wakajibu, akaandika. Jumatatu Mchungaji akasoma: "Saa ya kufika: mapema." Iliyofuata: "Saa ya kufika: umande ulikuwa haujakauka."

"Umande!" Mchungaji akapiga meza. "Umande wa nani? Mtaalamu, nimeagiza saa, unaniletea hali ya hewa?"

Anatory akakibana kisanduku kiingie herufi nne tu. Wiki iliyofuata kikarudi kimeandikwa MAPE. Akabadilisha tena, akaweka orodha ya kuchagua, saa mbili, saa tatu, saa nne, basi. Harusi zote za usharika zikawa zimefika saa nne kamili, pamoja na ile iliyofika ng'ombe wakirudi zizini, maana Mama Evangelina alitafuta saa kumi na moja kwenye orodha hakuiona, akachagua iliyokuwa jirani.

Ndipo Anatory alipopata wazo lililomfanya asilale kwa furaha. Kumbe ile programu ya kuandikia ilikuwa na kisanduku cha aina nyingine, kinachojijaza chenyewe. Hukiandiki. Ukifungua fomu, kinachukua saa kutoka tumboni mwa mashine, na tarehe vilevile, na ukikifunga kwa neno la siri hakuna mtu wa kukigusa, awe mzee wa kanisa, awe askofu. Akairudisha saa ya mashine nyuma kwa saa sita ili isome Kiswahili kama watu wengine, akakifunga kisanduku, akamwita Mchungaji aje aone.

Mchungaji alikitazama kisanduku kikijaza namba peke yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hiki hakina shangazi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakina mjomba. Hakinywi rubisi."

Jumapili akakihubiri. Akasema mashine haidanganyi, haikosei na haina ndugu, na kuanzia sasa kila fomu itasomwa kwa sauti mlangoni mwa ofisi, mbele ya pande zote mbili, ili mchelewaji ajisikie mwenyewe. Harusi mbili zikarudishwa mwezi uleule. Bwana harusi mmoja pombe yake ilichachuka, akaigawa kwa waliomcheka.

Kitu kimoja Mtaalamu hakumwambia Mchungaji. Ndani ya mashine kulikuwa na betri ndogo, na ilishakufa. Kila jenereta likizimika, mashine ilisahau kila kitu, ikaamka inaamini ni tarehe moja Januari elfu moja mia tisa na themanini, saa sifuri. Kila asubuhi Anatory aliirekebisha kwa kutazama saa ya mkononi, mlango umefungwa, kama mtu anayebadilisha nepi.

Sasa tuje nyumbani kwa Mzee Kashaija, maana huko ndiko kulikuwa kunaungua.

Binti yao, Kokushubira, alikuwa amechumbiwa na Leonidas, kijana wa Bugomora. Leonidas alizaliwa hukuhuku, akasoma hukuhuku, akapalilia kahawa za watu wa hukuhuku mpaka akapata zake. Ila wazazi wake, Mzee Sibomana na mkewe Mukandekezi, walitoka Rwanda zamani sana, na mwaka ule mgambo walikuwa wamefunga kamba barabarani kila baada ya kilima, wanauliza karatasi. Asiyekuwa nayo alipandishwa gari kuelekea Murongo, mpakani, na hakuulizwa amezaliwa wapi. Mtendaji wa kijiji alikuwa amemwambia Leonidas wazi: lete cheti cha ndoa na binti wa hapa, chenye mhuri, nitakuandikia barua. Bila cheti, mimi sikujui.

Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Ikipita hiyo, hakuna kufunga ndoa mpaka Pasaka ipite. Na mpaka Pasaka ipite, kwa jinsi magari yale yalivyokuwa yanajaa, Kokushubira angeweza kuwa na shela na asiwe na bwana.

"Kaka," Kokushubira akamwambia Anatory wakiwa wanamenya ndizi za wageni, "hiyo mashine yako, siku yangu tuwekee hata nusu saa ya ziada. Unamjua shangazi."

Anatory akaweka kisu chini ili aeleze vizuri. "Dada, hukielewi. Kisanduku kimefungwa. Mimi mwenyewe niliyekitengeneza siruhusiwi kuandika humo. Huo ndio uzuri wake."

"Uzuri wa kitu ni kumzuia mwenye nacho?"

"Ndiyo maendeleo."

"Basi mwambie maendeleo aje amwamshe shangazi."

Mzee Kashaija, aliyekuwa amekaa pembeni anakanda goti lake bovu, akacheka mpaka akakohoa. Yeye hakuwa na haraka na ndoa hiyo hata kidogo. "Mimi namwoza binti yangu au namwombea mtu kibali?" akauliza. "Naona mwenzenu anaoa mhuri. Binti kapewa kama bahasha."

"Mume wangu, nyamaza," Kemilembe akasema. "Mtoto kampenda mwenyewe."

"Nimenyamaza. Ila hao watu wa kuja watangoja mlangoni kwangu kama walivyongoja wengine. Sitoi binti asubuhi kama naondoa takataka."

Jumamosi ikafika. Wa kwanza kabisa kutokea kanisani walikuwa haohao watu wa kuja. Waliondoka Bugomora kabla hakujapambazuka, wakazipita kamba za mgambo wenyewe wakiwa bado wanakoka moto, na Mama Evangelina alipofika kufungua ofisi aliwakuta wamepanga mstari kwenye benchi, suti zimepigwa pasi, viatu vimefutwa matope kwa majani ya mgomba. Leonidas alikuwa katikati, amekaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Shikamoo, mama," wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona mmewahi hivi? Harusi ni saa nne."

"Mama," Mzee Sibomana akajibu, "sisi tukichelewa huwa hatusubiriwi."

Anatory akawasha jenereta, akafunga mlango, akairekebisha saa. Akangoja. Saa tatu ikapita. Ilipokaribia saa nne na barabara ya kwao bado haina hata vumbi, akamwachia Mama Evangelina mashine, akapanda baiskeli na tai yake ikipepea begani.

Nyumbani alikuta kila mtu amevaa na hakuna anayetoka. Gari la kukodi liko uani, dereva amelala humo. Kokushubira amekaa chumbani na shela, machozi tayari, ila ya hasira. Na sebuleni, chini ya kile cheti cha Bukoba, amekaa shangazi Costansia, dada yake Mzee Kashaija, mguu mmoja juu ya mwingine, anatafuna kahawa taratibu. Mbele yake walikuwa wamesimama washenga wawili wa Leonidas waliotumwa kumchukua bibi harusi, kofia mikononi.

"Shangazi, shikamoo. Shangazi, muda!"

"Marahaba. Muda umefanyaje?"

"Umekwisha! Kisanduku kikisoma zaidi ya saa nne, harusi haipo!"

Costansia akatema ganda la kahawa kiganjani, akalitazama. "Kisanduku ni nani kwenye ukoo huu?"

"Ni... ni kisanduku, shangazi. Cha saa."

"Nilipoolewa mimi, waitu, jamani, watu walingoja mpaka jioni. Wakaitisha mwenge wa majani wapate kuniona sura. Na ndoa ikadumu. Binti anayetoka kwao asubuhi anaonekana alikuwa amelala mlangoni." Akawageukia washenga. "Nyie mmeleta kahawa za kutafuna?"

"Tumeleta, mama, umeshika hapo," mmoja akasema kwa heshima.

"Hizi? Hizi nilidhani ni za njiani."

Washenga wakatazamana. Mmoja akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaiweka kwenye kikapu. Costansia akaitazama noti kama mtu anayesoma barua isiyomhusu. Mwenzake akaongeza. Akaongeza tena. Alipofika kwenye nauli yao ya kurudi, akasita, na Costansia akasita naye, mkono hewani, mpaka nauli ikaingia kikapuni.

"Sasa bado kupakatwa," akasema. "Binti haondoki hajakaa kwenye mapaja ya baba yake."

"Goti langu," Mzee Kashaija akasema.

"Goti lako litavumilia."

"Halivumilii. Waletee washenga godoro, wangoje."

Hapo wakapoteza muda mwingine mrefu. Mara goti lifungwe kitambaa, mara apakatwe kwenye paja moja, mara mjomba mmoja akajitolea mapaja yake, akaambiwa ya kwake ni ya ukoo mwingine. Anatory alizunguka sebuleni kama kuku aliyekosa tundu. Mwisho Kokushubira akatoka chumbani mwenyewe, amekunja shela mkononi, akamkalia baba yake kwenye goti zima bila kumwomba mtu, akanyanyuka.

"Tayari," akasema. "Baba, nimepakatwa. Shangazi, kalia wewe kama kuna mapaja yamebaki. Mimi mume wangu akipandishwa lile gari, ni wewe utakayeniletea mwingine?"

Kemilembe akajifanya anatafuta mwavuli. Costansia akafunga kikapu polepole.

"Ulimi wa binti huyu," akasema, "umetoka upande wa mama yake."

Lakini akanyanyuka.

Anatory alitangulia kwa baiskeli, akanyonga mpaka akahisi ladha ya damu mdomoni. Jua lilikuwa utosini. Mlangoni mwa ofisi Mchungaji Tibanyenda alikuwa amesimama na joho lake, mikono nyuma, na watu wa Leonidas bado wako kwenye benchi lilelile, mstari uleule. Nyuma yao watu walikuwa wamejaa uwanja mzima. Harusi ya dada yake Mtaalamu, nani angekosa? Na hasa wale wa harusi mbili zilizorudishwa walikuwa wamekuja mapema, wakapata nafasi nzuri.

"Mtaalamu," Mchungaji akasema, "nasikia gari linakuja. Sisemi kitu. Mashine itasema."

"Mchungaji, baba yangu goti..."

"Mashine haina goti."

Watu wakacheka. Mukandekezi, mama yake Leonidas, hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili, hadharani, kama mtu anayemsindikiza hospitali. Gari likaingia, shangazi Costansia akashuka wa kwanza na kikapu, na Mama Evangelina ndani akauliza kwa sauti, "Nifungue fomu?"

"Subiri, mama," Anatory akasema. "Naangalia mafuta kwanza. Isije ikazimika katikati."

Akazunguka nyuma ya ofisi. Jenereta lilikuwa linanguruma vizuri tu, mafuta yamejaa. Anatory akaitazama koki ya mafuta. Kama angeifungua mashine mwenyewe na kuirudisha saa nyuma, angeonwa na Mama Evangelina, ambaye angemwambia kila mtu bila ubaya wowote. Lakini koki je? Koki ni koki. Akaifunga.

Jenereta likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Uwanja mzima ukasema "Aaah!" Anatory akafungua koki, akavuta kamba, likawaka. Ndani mashine ikapiga mlio wake wa kuamka, Mama Evangelina akafungua fomu, akaandika majina kwa kidole kimoja, na printa ikaanza kusaga. Mchungaji akaing'oa karatasi ikiwa bado ya moto, akapanda ngazi, akakohoa.

"Leonidas Sibomana na Kokushubira Kashaija," akasoma kwa sauti ya mimbarini. "Saa ya kufika..."

Akaisogeza karatasi mbali na uso, akairudisha karibu.

"Soma, Mchungaji!" sauti ikatoka nyuma.

"Saa sifuri na dakika sita."

"Sifuri ndiyo ngapi?" Mzee Kashaija akauliza akiwa ameegemea gari.

"Tarehe," Mchungaji akaendelea, na sauti ilikuwa imeshateremka kutoka mimbarini mpaka jikoni, "tarehe moja Januari, elfu moja mia tisa na themanini."

"Mawe! Mama yangu!" shangazi Costansia akapiga yowe. "Mwaka huo huyu mtoto nilikuwa nambeba mgongoni!"

Uwanja ukalipuka. Kuna mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mchungaji akageuka, akamtafuta Anatory, akampata mlangoni amejikausha, mikono inanuka mafuta.

"Mtaalamu. Mashine imekosea?"

Na hapo kicheko kikakatika, maana wale wa harusi zilizorudishwa walikuwa wamesogea mbele. Yule aliyegawa pombe iliyochachuka alikuwa amesimama chini ya ngazi kabisa, ameinua kidevu. "Ndiyo, jibu, fundi," akasema. "Na mimi nataka kujua. Kama inakosea leo, siku yangu ilikuwaje?"

Anatory akamtazama Mchungaji, na akaona kwamba Mchungaji naye ameshaelewa. Mtego alioutega ulikuwa umembana yeye mwenyewe kifundo. Mashine ikikosea, ana harusi mbili za kuomba radhi na mahubiri mazima ya kuyameza. Macho yake yalikuwa yanamwomba Mtaalamu kitu, ila hayakusema kipi.

"Haikosei, Mchungaji," Anatory akasema.

"Haikosei."

"Haikosei."

"Na saa sifuri iko kabla ya saa nne au baada?"

"Kabla."

Mchungaji Tibanyenda akakunja karatasi, akavuta pumzi ndefu. "Basi wamewahi," akasema. "Waingie." Na ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, cheti kikatiwa sahihi na mhuri juu ya tarehe ileile, maana kisanduku kilikuwa kimefungwa na kwenye karatasi ya Mungu huwezi kukwangua kwa wembe.

Jioni hiyohiyo Anatory alimsindikiza dada yake Bugomora, kwenye lori, pamoja na wakwe na matandiko na mbuzi mmoja. Njiani wakakuta kamba. Mgambo mmoja, kijana mwenye koti refu kuliko yeye, akaamuru washuke.

"Karatasi."

Leonidas akatoa cheti. Akakinyoosha kwa mikono miwili. Mgambo akamulika, akasoma akisogeza midomo. Kokushubira akafumba macho.

"Mmefunga ndoa Ihembe," mgambo akasema. "Mwaka themanini." Akahesabu kidogo kwa vidole. Akamtazama Leonidas, ndevu hazijakomaa, akamtazama Kokushubira na shela lake. Akarudi kwenye mhuri. Mhuri ulikuwa mzuri, wa duara, wa zambarau. Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Kumbe wewe mwenyeji kuliko mimi," akasema. "Mimi huku nimehamia themanini na tano. Pita, mzee."

Mzee! Leonidas wa miaka ishirini na sita akapita. Akafuata baba yake. Sibomana hakuwa na karatasi. Alikuwa na miaka thelathini na zaidi katika nchi hii, migomba aliyoipanda mwenyewe, na makovu ya panga la kufyekea kwenye viganja, akavionyesha vyote.

"Viganja sisomi," mgambo akasema. "Karatasi ya ndoa iko wapi? Au huyu mama ulimwokota?"

"Tulioana kwetu, mwanangu. Kwa ng'ombe. Hatukuandikiwa."

Mgambo akawatazama wote wawili, akatazama lori lenye mbuzi na bibi harusi, akaona aibu kidogo, si nyingi. "Leo ni sherehe, nendeni. Lakini Jumatatu gari linapita Bugomora. Mkiwa hamna karatasi kama ya huyu kijana wenu, mtapanda."

Jumatatu asubuhi, Anatory alipofika ofisini, aliwakuta kwenye benchi lilelile. Sibomana amevaa suti ileile. Mukandekezi amefunga kitambaa cheupe kichwani, na mkononi ana ua la kahawa alilolichuma njiani, maana bibi harusi hawezi kuja mikono mitupu.

"Tumekuja kuoana, mwanangu," akasema. "Mchungaji amekubali, wazee wanaobariki ndoa yao hawangoji siku ya harusi. Yuko ndani. Wewe tufanyie kama ulivyowafanyia watoto. Uizime, halafu uiwashe."

"Mama, sijui unasema nini."

"Unajua, mwanangu. Ile siku nilikufuata mpaka kwenye kona ya ukuta. Nilikuona."

Anatory akaingia ndani. Mchungaji alikuwa amekaa mezani na joho, amenyooka, hajacheka tangu Jumamosi.

"Mtaalamu," akasema bila kumtazama. "Watu wamenicheka mpaka mjini Kayanga. Wazee hawa nitawabariki, nitawapa cheti. Cha leo. Ile mashine ikirudi tena mwaka themanini, hata kwa dakika moja, nitasimama Jumapili niseme iliharibika tangu Jumamosi, na cheti cha dada yako nitakichana kwa mikono yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mchungaji."

"Cheti cha leo kitawasaidia hao wazee?"

Anatory akaitazama mashine. Cheti cha leo kingemwambia mgambo kitu kimoja tu: kwamba hawa wameoana asubuhi hii baada ya kutishwa.

"Nenda kaangalie mafuta," Mchungaji akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

Akazunguka nyuma. Jenereta lilikuwa linanguruma. Mukandekezi alikuwa amemfuata, amesimama kwenye kona ya ukuta na ua lake. Barabarani, kwa mbali, lilisikika lori likibadilisha gia kupanda kilima. Anatory akaweka mkono juu ya koki, ilikuwa ya moto, na akaona kwamba Mtaalamu mzima, pamoja na cheti chake cha Bukoba, alikuwa amebakiwa na vidole viwili tu vya kufanyia kazi.

Ukiwafungia hiyo koki wale wazee, unaweza kumpokonya dada yako mume. Ukiiacha, dada yako anabaki na mume wake, na wakwe zake wanavushwa Murongo na ua mkononi. Mimi najua alichofanya, na bado sijui kama nimsifu au nimtukane. Sasa wewe hapo, uliyekuwa unacheka tangu mwanzo: mkono ukiwa wako, ungeifunga?